Vivunja emulsheni kutokana na plastiki taka

Vivunja emulsheni kutokana na plastiki taka ni kemikali zinazotengenezwa kwa kuvunjavunja plastiki iliyokwisha kutumika, hasa chupa za maji na soda, kisha kuunganisha vipande vyake na asidi za mafuta ili kupata safaktanti yenye uwezo wa kutenganisha mafuta na maji yaliyochanganyikana. Zimekusudiwa hasa kwa mafuta ghafi ya petroli, ambayo mara nyingi hutoka ardhini pamoja na maji ya chumvi. Kwa sehemu kubwa kazi hii bado ni ya maabara.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lina uzito kwa sababu mbili. Mafuta ghafi yamegunduliwa Uganda na Kenya, na bomba la kuyasafirisha limepangwa kupita Tanzania. Pia chupa za plastiki zimefika hadi vijiji vilivyo mbali na kiwanda chochote cha kuzirejeleza, kama vile Kitanga na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma.

Emulsheni

Mafuta na maji hayachanganyiki. Yakitikiswa pamoja ndani ya chupa hugawanyika kuwa matone, na yakiachwa hujitenga tena, mafuta juu na maji chini. Lakini kukiwa na kitu cha tatu kinachozunguka kila tone kama ngozi, matone hayaungani tena, na mchanganyiko hubaki hivyo kwa siku au hata miezi. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa emulsheni.

Maziwa ni emulsheni ya matone ya mafuta ndani ya maji, na matone hayo yamefunikwa na utando wa protini na mafuta ya aina nyingine. Wafugaji wanaosukasuka maziwa ndani ya kibuyu mpaka siagi itokee hufanya kazi ileile inayofanywa kwenye visima vya petroli: wanaharibu utando ili matone yashikamane. Tofauti ni kwamba mfugaji hutumia mikono na muda, ilhali mwenye kisima hutumia joto, umeme na kemikali.

Emulsheni za petroli kwa kawaida ni za upande wa pili, yaani matone ya maji yametawanyika ndani ya mafuta. Utando wake hutokana na vitu vilivyomo ndani ya mafuta yenyewe: asfalteni, utomvu, nta, na chembe za udongo. Matone huwa madogo mno, mara nyingi ya mikromita chache tu. Kanuni iliyotolewa na George Stokes mwaka 1851 inaeleza kwa nini udogo huo ni tatizo: kasi ya tone kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Tone la mikromita 20 huzama mara 100 haraka kuliko tone la mikromita 2 katika mafuta yaleyale. Kwa hiyo kazi ya kivunja emulsheni ni kuwezesha matone yaungane na kuwa makubwa, kisha uzito wa maji humaliza kazi iliyobaki. Kanuni hiyo pia inaonyesha kwa nini mafuta hupashwa joto: mnato ukipungua, tone huzama upesi zaidi.

Maji hayo hayawezi kuachwa ndani ya mafuta. Hula nafasi na nguvu ya pampu, na chumvi yake hutoboa mabomba na kuharibu mitambo ya kusafishia. Wanunuzi wa mafuta ghafi kwa kawaida hutaka maji na mashapo yasizidi asilimia 0.5 hadi 1.

Kilichomo ndani ya chupa

Chupa nyingi za maji na soda hutengenezwa kwa polima iitwayo polithilini tereftaleti, ambayo hufupishwa PET. Iligunduliwa mwaka 1941 nchini Uingereza na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, ambao walitafuta nyuzi za kitambaa. Chupa ya PET ilikuja baadaye, kwa hataza aliyoipata Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont mwaka 1973. Shati la polista na chupa ya maji ni kitu kimoja kwa mkemia.

PET ni mnyororo mrefu wa vipande viwili vinavyofuatana: asidi ya tereftaliki na glikoli ya ethileni. Vipande hivyo vimeshikamana kwa vifungo vya esta, vifungo vilevile vinavyopatikana katika mafuta ya kula. Kama mafuta ya kula yanavyoweza kuvunjwa kwa kostiki ili kupata sabuni, vivyo hivyo PET inaweza kuvunjwa. Plastiki za aina nyingine hazina mlango huo. Dumu la mafuta, ndoo na mfuko wa rambo ni polithilini, na kifuniko cha chupa huwa polithilini au polipropilini. Minyororo yao ni ya kaboni na haidrojeni peke yake, na huhitaji nguvu nyingi zaidi kuvunjika.

Kwa sababu hiyo kazi huanza na kuchambua taka. Alama ya pembetatu iliyo chini ya chombo husaidia: namba 1 ni PET, namba 2 ni polithilini nzito, namba 5 ni polipropilini. Maji nayo husaidia. PET ina densiti ya gramu 1.38 hivi kwa sentimita ya ujazo, hivyo ikikatwakatwa na kutupwa ndani ya pipa la maji huzama, na vipande vya vifuniko huelea. Plastiki ya PVC huzama pia, na hapo ndipo wachambuaji hukosea. PVC ikipata joto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma mapafu na kuharibu mitambo.

Kutoka chupa hadi safaktanti

Safaktanti ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Sabuni ndiyo safaktanti inayojulikana zaidi. Watu wengine hudhani kwamba chupa ikichemshwa na kostiki itatoa sabuni, kwa kuwa mawese yakichemshwa na kostiki hutoa sabuni. Haitoi. Kostiki huivunja PET kuwa chumvi ya asidi ya tereftaliki, ambayo ina vichwa viwili na haina mkia. Huyeyuka katika maji na kubaki humo. Haitoi povu wala haishiki mafuta. Ili kipande cha chupa kiwe safaktanti ni lazima kipewe mkia, na mkia huo hutoka kwingine.

Hatua ya kwanza ni kuvunja mnyororo. Njia moja hutumia glikoli ya ethileni kwenye joto la nyuzi 180 hadi 240 za selisiasi, pamoja na kichocheo kama asetati ya zinki. Kipande cha PET chenye uzito wa molekuli 192 huungana na glikoli yenye uzito wa 62 na kutoa msombo wenye uzito wa 254 na mikono miwili ya haidroksili, mmoja kila upande. Njia nyingine hutumia amini kama vile ethanolamini, dietanolamini au trietanolamini. Njia ya amini huingiza nitrojeni ndani ya molekuli. Hilo lina faida yake, kwa sababu misombo ya nitrojeni hupenda kushika uso wa chuma na inaweza pia kuzuia kutu ndani ya bomba.

Hatua ya pili ni kuunganisha mkia. Asidi ya mafuta, kama vile asidi ya steariki, ya oleiki au ya palmitiki, hufungwa kwenye mkono mmoja, na maji hutoka kama mabaki. Mawese yana asidi ya palmitiki karibu asilimia 44 na ya oleiki karibu asilimia 40, kwa hiyo mkia unaotafutwa upo kwa wingi katika zao la Kigoma.

Hatua ya tatu ni kurefusha kichwa kwa mnyororo wa polithilini glikoli, ambao hupenda maji. Urefu wa mnyororo huo ndio huamua tabia ya safaktanti. Mwaka 1949 William Griffin alipendekeza kipimo kinachofupishwa HLB, kinachotoka 0 kwa molekuli inayopenda mafuta kabisa hadi 20 kwa inayopenda maji kabisa. Kwa safaktanti zisizo na chaji hupatikana kwa kugawa uzito wa sehemu inayopenda maji kwa uzito wa molekuli nzima na kuzidisha kwa 20.

Mfano huu unaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Chukua kipande kimoja cha PET (192), asidi ya palmitiki moja (256) na polithilini glikoli yenye uzito wa 400, kisha toa maji (18). Jumla ni 830. HLB ni 400 kugawa kwa 830 mara 20, yaani 9.6 hivi. Ukiweka glikoli yenye uzito wa 1,000 badala ya 400, jumla huwa 1,430 na HLB hupanda kufikia karibu 14. Mkemia huchagua urefu kulingana na mafuta aliyonayo, kwa kuwa hakuna kivunja emulsheni kinachofaa kila kisima.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo ambalo habari nyingi kuhusu teknolojia hii hazilitaji. Katika molekuli ya kwanza sehemu iliyotoka kwenye chupa ni 192 kati ya 830, yaani asilimia 23. Katika ya pili ni asilimia 13 tu. Kinachoitwa safaktanti ya plastiki taka, kwa uzito, mara nyingi ni glikoli na mafuta zaidi kuliko plastiki.

Jinsi inavyofanya kazi

Safaktanti ikiingizwa ndani ya emulsheni ya petroli hukimbilia mpaka uliopo kati ya maji na mafuta. Huko hukuta utando wa asfalteni, ambao ni mgumu na mzito. Safaktanti iliyoundwa vizuri hushika mpaka kwa nguvu zaidi kuliko asfalteni na kuzisukuma pembeni, lakini yenyewe hutengeneza utando laini na mwembamba. Matone mawili yakigongana, utando huo hupasuka na matone huwa moja.

Umbo la kipande cha PET linasaidia hapa. Katikati yake pana pete ya benzini iliyo bapa, na asfalteni nazo zimejengwa kwa pete za namna hiyo zilizopangana. Vitu vinavyofanana huchanganyika kwa urahisi, hivyo molekuli yenye pete hupenya katikati ya asfalteni na kuzitawanya. Hii ndiyo sababu ya kikemia ya kuichagua chupa, mbali na kwamba ni taka ya bei rahisi.

Kiasi kinachotumika ni kidogo sana, kwa kawaida kati ya sehemu chache na sehemu mia chache kwa milioni. Kuongeza zaidi si lazima kulete nafuu. Safaktanti ikizidi inaweza kuanza kuyalinda matone badala ya kuyaunganisha, na emulsheni ikawa imara kuliko mwanzo. Mafundi wa visima wanalifahamu jambo hilo, na ndiyo maana hupima kabla ya kumimina.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida. Emulsheni huwekwa ndani ya chupa za kioo zenye alama za ujazo, kila moja hupewa kiasi tofauti cha safaktanti, moja huachwa bila kitu kwa ajili ya kulinganisha, na zote huwekwa ndani ya maji ya moto, mara nyingi nyuzi 60. Baada ya kila muda maalumu husomwa ujazo wa maji yaliyojitenga chini. Maji yaliyotoka yakigawanywa kwa maji yote yaliyokuwemo na kuzidishwa kwa 100, hupatikana asilimia ya utenganisho. Fundi hutazama pia kama mpaka kati ya tabaka mbili ni safi, na kama maji ya chini ni meupe au yamebeba mafuta, kwa sababu chupa inaweza kutoa asilimia nzuri na bado ikaacha maji machafu yasiyofaa kumwagwa.

Historia

Kabla ya kemikali, mafuta yenye maji yaliachwa kwenye mashimo ili yajitenge kwa jua, na yaliyogoma yalichomwa moto. William S. Barnickel, mkemia wa St. Louis nchini Marekani, alipata hataza ya kivunja emulsheni cha kemikali mwaka 1914. Karibu na wakati huo, mwaka 1911, Frederick Cottrell alikuwa amepata hataza ya kutenganisha kwa umeme wa volteji kubwa huko California. Njia hizo mbili, pamoja na joto, ndizo zinazotumika hadi leo. Vivunja emulsheni vya awali vilikuwa sabuni na mafuta yaliyotiwa asidi ya salfa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vilikuja vya polima zinazotokana na oksidi ya ethileni na oksidi ya propileni.

Wazo la kutumia chupa lilipata nguvu Misri, nchi yenye mafuta yake na taka zake. Ayman Atta na wenzake katika Taasisi ya Utafiti wa Petroli ya Misri, mjini Cairo, walivunja PET kwa amini, wakaiunganisha na asidi ya steariki na polithilini glikoli za urefu mbalimbali, na katika miaka ya 2000 wakachapisha matokeo ya kuzitumia safaktanti hizo kutawanya mafuta yaliyomwagika majini. Kutawanya ni kinyume cha kutenganisha, lakini familia ya molekuli ni ileile. Hubadilishwa urefu wa kichwa na mkia tu. Baadaye kazi kuhusu mafuta mazito ya Saudia iliendelea katika Chuo Kikuu cha King Saud mjini Riyadh.

Plastiki za aina nyingine nazo zimeanza kufunguliwa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba polithilini inaweza kugeuzwa kwenye nyuzi 280, kwa kichocheo cha platini, kuwa misombo ya pete yenye mikia mirefu ambayo ni malighafi ya sabuni za unga. Mwaka 2023 kikundi cha Guoliang Liu wa Virginia Tech kilipasha polithilini na polipropilini joto hadi zikawa nta, kisha kikaziunganisha na oksijeni kupata asidi za mafuta na hatimaye sabuni. Kwa njia hiyo plastiki yenyewe ndiyo inayotoa mkia, na mfuko wa rambo unakuwa na thamani ambayo chupa haina.

Mafuta ya Afrika Mashariki

Mafuta ghafi ya bonde la Ziwa Albert nchini Uganda yalithibitishwa mwaka 2006. Yana nta nyingi kiasi kwamba huganda katika joto la kawaida. Ndiyo maana Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, limebuniwa kupashwa joto njia nzima. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa ya Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Kigoma haimo. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022. Nchini Kenya mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012 kwenye kisima cha Ngamia-1, nayo yana nta nyingi. Shehena ya majaribio ilisafirishwa kutoka Mombasa Agosti 2019.

Maji hutenganishwa kwenye vituo vya usindikaji karibu na visima, kabla ya mafuta kuingia bombani. Kituo cha mradi wa Tilenga kiko Buliisa na cha Kingfisher kiko Kikuube, vyote Uganda. Hapo ndipo soko la vivunja emulsheni lingekuwa, na hapo ndipo ukubwa wake unaweza kukadiriwa.

Bomba limebuniwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo ni lita milioni 34.3. Kama kivunja emulsheni kingetumika kwa sehemu 50 kwa milioni, mahitaji yangekuwa lita 1,717 kwa siku, au karibu tani 627 kwa mwaka. Tuseme zote zingetengenezwa kwa molekuli ile yenye asilimia 13 ya PET. Plastiki iliyotumika ingekuwa tani 81 hivi. Kwa chupa ya gramu 20, hizo ni chupa milioni 4 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania. Bomba zima, likifanya kazi kwa ukamilifu, lingekula chupa moja kwa kila Watanzania 15 kwa mwaka.

Hesabu hiyo haiondoi thamani ya kemia hii. Safaktanti ya petroli huuzwa kwa bei kubwa kuliko vipande vya chupa, na kiwanda kidogo kinaweza kuajiri watu na kupunguza kemikali zinazoagizwa kutoka nje. Lakini ni kosa kuitaja kama dawa ya taka, kama inavyofanyika mara kwa mara. Kinachoweza kumeza chupa kwa wingi ni kurudisha PET kuwa nyuzi, mikanda ya kufungia mizigo au chupa mpya.

Nyanda za juu za Kigoma

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Chupa hazikuguswa na marufuku hayo, na katika masoko ya Kasulu na Kibondo ndizo taka inayoonekana zaidi. Sehemu yake hutumika tena nyumbani kwa kuwekea mawese, asali, mafuta ya taa na maziwa, jambo ambalo huongeza umri wa chupa lakini huifanya iwe chafu na ngumu kurejeleza. Chupa iliyobeba mafuta ya taa haifai kurudishwa kwenye chakula. Kwa kutengeneza safaktanti inafaa, na hii ni moja ya faida za kweli za njia hii: haihitaji PET safi kama kiwanda cha chupa kinavyohitaji.

Tatizo la waokota makopo wa nyanda hizi ni umbali. Kutoka Kasulu hadi viwanda vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na gunia la chupa ambazo hazijakandamizwa ni gunia la hewa. Lori hujaa kabla halijawa zito, na nauli hula bei yote. Mashine ya kukatakata au ya kukandamiza chupa ingeweza kubadilisha hesabu hiyo kabla ya kemia yoyote kuhitajika.

Emulsheni iliyo karibu zaidi na wakazi wa Kigoma si ya petroli bali ya mawese. Michikichi hustawi chini, ukanda wa Ziwa Tanganyika, na watu wa Kasulu na Kibondo hununua mafuta yake kutoka huko. Ngazi huchemshwa ndani ya pipa, hukamuliwa, na kioevu kinachotoka ni mchanganyiko wa mafuta, maji na nyuzinyuzi. Huchemshwa tena mpaka mafuta yapande juu na kuenguliwa. Tope linalobaki chini lina mafuta yaliyonaswa ndani ya emulsheni, ambayo humwagwa au hutumika kwa sabuni pamoja na mafuta ya mise yatokanayo na kokwa. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, ambacho kimepewa jukumu la zao la chikichi, hushughulikia zaidi mbegu na miche. Upotevu wa mafuta ndani ya tope unategemea ukamuaji na uchemshaji.

Vivunja emulsheni vya plastiki visitumike kamwe kwenye mawese ya kula. Hubaki ndani ya mafuta, na vimetengenezwa kwa amini na vichocheo vya metali ambavyo si vya chakula. Kwa mawese dawa ni joto la kutosha, maji ya moto ya kutosha na subira ya kutosha. Anayeharakisha kuengua huacha mafuta ndani ya tope.

Mahali ambapo safaktanti hizi zingefaa mkoani ni kwenye maji yenye oili: ya gereji, ya vituo vya jenereta za dizeli ambazo kwa miaka mingi zilikuwa chanzo cha umeme wa Kigoma, Kasulu na Kibondo, na ya matumbo ya meli na boti za ziwani. Kwa meli za baharini mkataba wa kimataifa wa MARPOL hauruhusu maji ya tumbo la meli kumwagwa yakiwa na mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni. Emulsheni ya maji hayo ni ya matone ya mafuta ndani ya maji, kinyume cha ile ya kisimani, na huhitaji safaktanti iliyoundwa upya kwa ajili yake.

Hatari

Kazi ya kuvunja PET si ya jikoni. Glikoli ya ethileni ni sumu inayoharibu figo, na utamu wake huwavuta watoto na mifugo. Kwenye nyuzi 200 mvuke wake huwaka. Dietanolamini huunguza macho na ngozi. Viwanda vinavyorefusha kichwa cha safaktanti kwa oksidi ya ethileni, badala ya polithilini glikoli iliyo tayari, hutumia gesi inayolipuka na inayosababisha saratani. Shule inayotaka kuonyesha somo hili inaweza kutumia mafuta ya kula, maji na ute wa njano wa yai kutengeneza emulsheni, kisha chumvi na maji ya moto kuivunja; kanuni ni ileile na hakuna atakayeumia.

Safaktanti zenyewe hudhuru samaki, kwa kuwa hushika matamvua na kuzuia upumuaji. Vifungo vya esta vya PET huweza kuvunjwa polepole na bakteria, lakini vifungo vya amidi vinavyotokana na njia ya ethanolamini hudumu zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na hutoa maji yake kwa Mto Lukuga peke yake, upande wa Kongo, hivyo kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Maji yaliyotenganishwa na mafuta huonekana safi kwa macho hata yanapobeba safaktanti, na ni lazima yapimwe kabla ya kumwagwa mtoni au ziwani.